Mwandiko, Imla na Ukoo

Kwa sisi tuliosoma shule ya msingi mkoani Morogoro mara baada ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza Novemba 1977, siku ilifunguliwa kwa mwandiko. Madarasa yalijaa, na wengine waliketi sakafuni. Mwalimu alipiga mistari ubaoni, akaandika herufi kubwa na ndogo yake, nasi tukaiga katika madaftari kwa kalamu za risasi zilizochongwa kwa wembe. Dawati lilikosekana, lakini herufi ilitakiwa isivuke mstari.

Baada ya mwandiko ilifuata imla. Mwalimu alitamka kila neno mara mbili: thamani, dhahabu, ghala, radhi. Aliyeandika "zahabu" alilirudia neno mara kumi katika masahihisho. Hatukujua wakati ule kwamba tahajia hiyo ilikuwa na safari ndefu nyuma yake. Watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya shule za kikoloni, ingawa herufi hizo hazikuonyesha wazi tofauti ya e na i, wala ya o na u; msomaji alilitambua neno kwa sababu alikwisha kulijua. Wamisionari walipoleta herufi za Kirumi katika karne ya 19, Krapf alifuata matamshi ya Mombasa, naye Steere akafuata ya Unguja. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kusawazisha tahajia katika nchi za Afrika Mashariki. Tangu 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania. Hivyo mtoto wa Uluguru na mtoto wa Kilimanjaro wakapata imla moja.

Somo la tatu siku moja lilikuwa la familia. Tuliandika baba, mama, babu, bibi, shangazi, mjomba. Kisha mwalimu akatuuliza tuandike jina la mkubwa wa jamaa nyumbani. Wengi tuliandika "baba". Mwenzetu mmoja, Mluguru, aliandika "mjomba". Herufi zote sita zilikuwa sahihi, wala mwandiko wake haukuwa na dosari. Hata hivyo alitiwa mkasi wa wino mwekundu. Akafuta, akaandika "baba", akapata vema.

Tumekua ndipo tukafahamu kwamba mtoto yule hakukosea. Waluguru, kama Wakaguru majirani zao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi yao ardhi ni ya ukoo huo, na kaka yake mama ana sauti kubwa katika mambo ya urithi na ndoa. Kule Kilimanjaro, kihamba cha Mchaga hutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume. Neno "mjomba" huandikwa namna moja katika nyumba zote mbili, lakini uzito wake si mmoja.

Hatusemi haya kumlaumu mwalimu. Alikuwa na watoto wengi, chaki chache, na jibu moja alilopewa. Wala hatuubezi umoja wa lugha. Taifa letu liliiweka jamaa katika moyo wa siasa yake: mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Ujamaa, akilijenga wazo hilo juu ya undugu wa jamaa ya Kiafrika, na neno "ndugu" likavuka mipaka ya damu likawa wito wa raia kwa raia. Lakini jamaa hiyo ya taifa ilitokana na jamaa nyingi zisizofanana.

Basi yafaa tutenganishe mambo mawili. Tahajia na iwe moja, maana bila hiyo barua ya Newala haisomeki Bukoba. Maana ya ukoo mwalimu aiulize kwa mtoto mwenyewe, naye mtoto akaiulize kwa bibi yake, arudi nayo darasani aiandike kwa mwandiko safi. Mwanafunzi asilazimishwe kumfuta mjomba wake ili apate vema.