Mwaka wa Kuagana Mara Mbili

Ukishika njia ya Busia kutoka Kisumu, utapita Otonglo kabla ya kufika Maseno, penye shule iliyoanzishwa na wamishonari wa C.M.S. mwaka 1906. Katika shule za namna hiyo, Kidato cha Sita walipojiandaa kuondoka walikuwa wakiwarithisha uongozi wadogo wao wa Kidato cha Tano. Mwaka 1989 desturi hiyo ilikatika. Kidato cha Sita cha mwisho na Kidato cha Nne cha kwanza cha 8-4-4 walimaliza pamoja, wakiwania vyuo vikuu vilevile. Kidato cha Tano hakikuwapo. Basi nani arithi? Hao hao vijana wa Kidato cha Tatu, wapende wasipende! Mwaka 1990, Maseno ilipopata chuo kikuu kishiriki, wao walikwisha kuwa wazee wa shule.