Bunduki za Zawadi za Uswisi: Nani Alishinda, Nani Alitoa?

Katika minada ya silaha za kale huko Ulaya, bunduki ya Uswisi yenye bamba la fedha kitakoni huuzwa pamoja na sifa moja: ilikuwa zawadi ya bingwa wa kulenga shabaha. Mnunuzi huonyeshwa mtutu mzito wa pembe nane na nakshi za majani kwenye chuma, kisha bei hupanda. Madai hayo siyaamini kirahisi, na shahidi wangu ni kitabu ambacho wakusanyaji hawakijali kwa kuwa ni hadithi ya kubuni.

Wilhelm Tell, mlengaji wa ngano za Uswisi, na tufaha lake tuwaachie watalii. Mashindano yaliyotoa bunduki hizi yalianza Aarau mwaka 1824, chama cha walenga shabaha cha nchi nzima kilipoundwa na tamasha la kwanza kufanyika. Uswisi ya siku hizo ilikuwa muungano legelege wa kantoni, na forodha kati ya jirani na jirani. Tamasha likawa linahama: Bern 1830, Luzern 1832, Zürich 1834, Basel 1844. Watu walilenga shabaha, wakala, wakanywa, kisha wakahutubiana, na waliotamba jukwaani walikuwa waliberali waliotaka dola moja. Wapo wanaosema matamasha hayo yalikuwa mazoezi ya kijeshi tu. Basi watueleze mfuatano huu: tamasha la Glarus mwaka 1847, vita dhidi ya Sonderbund (muungano wa kantoni zilizopinga dola moja) Novemba mwaka huohuo, katiba ya shirikisho 1848, na mwaka 1849 walengaji hao wamerudi Aarau kushangilia.

Tamasha hilo la 1849 ndilo alilolichukua Gottfried Keller, mwandishi wa Zürich, katika hadithi yake ya wazee saba wanyoofu, iliyoandikwa mwaka 1860; huyo ndiye shahidi wangu. Wazee wanajadili zawadi ya kupeleka tamashani, na kila mmoja anataka kusukuma mali yake iliyokosa mnunuzi: mhunzi ana plau, seremala ana kitanda, mwenye baa ana ng'ombe wake. Mwishowe wanaaibishana na kukubaliana kikombe cha fedha. Ni dhihaka, lakini ya mtu aliyewajua watu wake. Zawadi zilitoka kwa wachangiaji, zikapangwa kwenye banda maalumu lililoitwa hekalu la zawadi: vikombe, saa, fedha taslimu, na bunduki. Bunduki haikuwa taji. Bamba linaweza kutaja mtoaji, mji na mwaka, na kwangu jina la mtoaji lina uzito kuliko la mshindi, maana linaonyesha nani aligharimia siasa ile.

Bunduki za kijeshi za Uswisi, Vetterli ya 1869 na Schmidt-Rubin ya 1889, zina mashabiki wa kutosha. Nitataja tu mtambo wa kufyatulia wa Friedrich von Martini wa Frauenfeld wa mwaka 1868, uleule uliofika Afrika Mashariki ndani ya bunduki za Martini-Henry za Waingereza. Nchini Uswisi mtambo huo uliingia katika bunduki za shabaha, na leo huwaumbua waongo: bamba linalotaja tamasha la La Chaux-de-Fonds la 1863 kwenye bunduki yenye mtambo huo limebandikwa baadaye.

Bamba hushikwa kwa skrubu, na skrubu hufunguka. Anayetaka kununua aulize kwanza rangi ya mbao chini ya bamba, kama inatofautiana na ya nje. Tena Bern lipo jumba la makumbusho ya walenga shabaha. Apite huko kabla ya kwenda mnadani.