Ua Jekundu na Ujira wa Wapagazi

Ua jekundu la popi ambalo Waingereza hulivaa kifuani kila Novemba lilizaliwa na shairi. Desemba 1915 jarida la Punch la London lilichapa "In Flanders Fields", la John McCrae, daktari wa jeshi la Kanada. Novemba 1918, siku mbili kabla ya vita kusimama, mwalimu Mmarekani Moina Michael alilisoma, akaenda dukani kununua maua ya bandia, akaapa kulivaa popi maisha yake yote. Mfaransa Anna Guérin akaongeza hesabu: ua liuzwe, pesa ziwasaidie walioumizwa na vita. Mwaka 1921 chama cha askari wastaafu wa Uingereza kikalichukua wazo hilo, na mauzo ya kwanza yakaingiza zaidi ya pauni 100,000. Mwaka uliofuata walemavu wa vita wakaanza kuyatengeneza maua hayo wenyewe.

Haya, sasa turudi kwetu. Shairi lile halijafikisha hata nusu mwaka, Machi 1916, Waingereza na Makaburu waliingia Arusha, wakalikuta boma ambalo Mjerumani alilijenga mwaka 1900 na ambalo leo ni makumbusho. Mwezi Aprili wapanda farasi wa Jenerali van Deventer wakatoka hapo kuelekea Kondoa Irangi, njiani wakauteka mlima wa Lolkisale. Masika yakawakuta. Farasi wakafa kwa ndorobo, magari yakazama kwenye tope. Katika vita ile, mnyama na gari vikishindwa, mzigo ulihamia kichwani mwa mtu.

Watu hao ni wapagazi. Hesabu rasmi ya upande wa Waingereza peke yake inapita 40,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukakifanya Kariakoo. Mwaka 1927 Dar es Salaam ikapata Sanamu ya Askari, inayowakumbuka askari na wapagazi kwa jumla, bila jina la hata mmoja. Na ujira wa maelfu waliofia porini? Ulibaki mikononi mwa serikali. Wapo waliopendekeza fedha zile zitumike kwa manufaa ya Waafrika. London ikakataa.

Hapo ndipo historia ya ua lile inapotugusa. Guérin alielewa kwamba kumkumbuka marehemu huanza na kumtazama aliyeachwa: mjane, yatima, kilema. Lakini sadaka ni hiari. Ujira ni haki ya mtu. Ukimnyima mtu haki yake kisha ukamjengea sanamu, bado unadaiwa.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa letu huweka mnarani mkuki na ngao, sime, upinde na mshale. Ni heshima nzuri, na iendelee. Ila siku hiyo tuulize pia familia zao zinaishije, na kama kilicho chao kimewafikia. Wahenga walishasema: dawa ya deni ni kulipa.