Nani Anashika Kipimo? Funzo la Biashara ya Mbao Marekani

Tunapoambiwa kwamba biashara ni huru, swali letu la kwanza liwe: nani anashika kipimo?

Katiba ya Marekani ya 1787 ililipa Bunge la taifa mamlaka juu ya biashara baina ya majimbo. Kwa sheria, basi, mchuuzi mdogo aliweza kununua mbao ngumu, kama za mwaloni, jimbo moja na kuziuza jimbo jingine. Kwa vitendo, kila soko lilikuwa na madaraja yake. Mzigo ukifika, na nauli ya reli imekwisha kulipwa, mnunuzi aliweza kuushusha daraja. Mchuuzi hakuwa na pa kusemea.

Mwaka 1898 wafanyabiashara walikutana Chicago, wakaunda chama cha taifa cha mbao ngumu ili kuweka kanuni moja. Leo, katika daraja la juu, hata upande hafifu wa ubao sharti utoe vipande safi kwa asilimia 83 hivi.

Tusijidanganye, ndugu. Chama hicho kilikuwa cha wenye mali; jasho la mkata miti halikupangiwa daraja. Lakini funzo ni letu: uhuru bila kipimo cha pamoja ni uhuru wa mwenye nguvu. Kada anayehimiza vijana waanze biashara ya mbao awafundishe kwanza kupima na kupanga madaraja, kabla gari halijaondoka.