Mwenyeji na Mgeni katika Mji wa Santa Monica

Mji wa Santa Monica umekaa ufukoni mwa California, nchini Marekani, nao umezoea wageni tangu zamani; gati lake lilifunguliwa mwaka 1909. Kwa hiyo si haki kudhani kwamba ugomvi wake juu ya nyumba za kukodishwa siku chache ulitokana na chuki ya wageni. Chanzo chake ni kodi ya pango. Aprili 1979 wapiga kura walipitisha sheria ya kuzuia kodi hiyo isipande ovyo, ili mpangaji wa kipato cha kawaida asifukuzwe na bei. Intaneti ilipokuja kurahisisha ukodishaji wa usiku mmoja mmoja, mpangaji yule yule akawa hasara machoni pa mwenye nyumba.

Mei 2015 baraza la mji likapiga marufuku kukodisha nyumba nzima kwa siku 30 au pungufu. Aliyeruhusiwa kupokea mgeni ni yule tu akaaye naye humo humo, mwenye leseni, na ushuru wa asilimia 14 ulipwe. Sisi twaliita jina moja, mwenyeji, mkaaji wa mji na mpokea mgeni. Sheria ile ilitaka wawili hao wawe mtu mmoja, na naona hapo ndipo penye busara yake, ijapokuwa mwenye nyumba ya pili aliumia.

HomeAway na Airbnb zilishtaki mwaka 2016. Machi 2019 mahakama ya rufani ikaamua kwamba mji haukuzikataza kutangaza, bali kukamilisha ukodishaji wa nyumba zisizoandikishwa.