Kitundikio cha watoto kilichohamia mlangoni kwa watu wazima

Hang-It-All, kitundikio cha waya mweupe na vipira 14 vya mbao vya rangi mbalimbali, leo hupigiliwa mlangoni katika nyumba za watu wenye fedha zao, kikabeba makoti ya baridi na miavuli. Mwaka 1953 kilipotoka kiwandani kilikuwa cha chumba cha mtoto. Waliokibuni ni Charles na Ray Eames, mume na mke waliokuwa na karakana yao Venice, California. Aliyekitengeneza na kukiuza ni Tigrett Enterprises ya Jackson, Tennessee, kampuni ambayo tayari ilikuwa imetoa vitu vya kuchezea vya wawili hao.

Nia ilikuwa kumshawishi mtoto atundike mali zake zote, koti, kofia, hata viatu vya magurudumu, badala ya kuziacha sakafuni. Ndiyo maana ya vile vipira: vinaficha ncha za waya zisimchome mtoto, na shingo ya sweta haiachwi na tundu la msumari.

Nyuma ya uchangamfu huo kulikuwa na hesabu za kiwandani. Akina Eames walikuwa wamekwisha kutumia mbinu ya kulehemu nyaya nyingi kwa mkupuo mmoja katika viti na meza zao za waya, na kitundikio kikarithi ujuzi huohuo. Rangi nazo hazikuokotwa. Ray alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mbunifu, mwanafunzi wa mwalimu wa uchoraji Hans Hofmann huko New York, na kwa macho yangu mpangilio ule una mkono wake zaidi ya wa mumewe, ingawa kwa miaka mingi sifa zilimwendea Charles. Isitoshe, zilikuwa zama za atomu: vipira kwenye ncha za vijiti vilionekana kila mahali, kuanzia vielelezo vya molekuli darasani hadi saa za ukutani kutoka ofisi ya mbunifu George Nelson.

Tigrett iliacha kukitengeneza mwaka 1961. Kampuni ya samani ya Herman Miller ilikirudisha sokoni mwaka 1994, lakini katika miongo hiyo mitatu na ushei vile vya awali viligeuka windo la wakusanyaji.

Hapo ndipo ukarabati unapozua ubishi. Vya Tigrett hufika vikiwa na kutu kwenye viungio na vipira vilivyobambuka rangi. Wapo wanaovipaka upya vyote ving'ae. Sioni faida yake. Anayetaka kinachong'aa akanunue kipya dukani, kipo. Mimi ningetibu kutu tu na kuacha vipira na makovu yake, maana ndiyo yanayoonyesha kwamba watoto walikitumia kweli.

Tahadhari moja si ya kupuuza. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978, kwa hiyo rangi ya miaka ya 1950 yafaa ipimwe kwanza, na isikwanguliwe ikiwa kavu, vumbi likasambaa chumbani. Kisha kuna ukuta wenyewe. Kuta nyingi za Marekani ni jipsamu iliyopigiliwa juu ya nguzo za mbao, na makoti manne yaliyolowa theluji ni mzigo. Skrubu ziingie kwenye nguzo.