KENYA: MLANGO WA SERIKALI NA HAKI YA ASIYEONA

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha mwaka 1945, askari wa Keya walirejea makwao Afrika Mashariki. Baadhi yao walirudi wakiwa vipofu. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha huko Thika, nchini Kenya, mafunzo ya wasioona, na askari hao walikuwa miongoni mwa waliohudumiwa. Lengo lilikuwa kwamba asiyeona asome mwenyewe kwa vidole vyake maandishi ya nukta nundu, asingoje kusomewa.

Lengo hilo halijapitwa na wakati. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilianzisha eCitizen, mlango wa huduma zake katika intaneti, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimekwisha kuingizwa humo. Pasipoti, leseni ya udereva, hata cheti cha polisi cha mwenendo mwema huombwa kwa njia hiyo.

Asiyeona hutumia programu inayomsomea kwa sauti maandishi yaliyomo katika simu au kompyuta. Lakini picha isiyo na maelezo haimwambii kitu, na kitufe kisichopewa jina hakimwonyeshi njia. Akikwama, hulazimika kumwita mtu mwingine na kumkabidhi namba ya kitambulisho pamoja na neno la siri. Askari yeyote anajua hatari ya kumpa mwingine ufunguo wa ghala alilokabidhiwa.

Sheria za kuzuia hali hiyo zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika kifungu cha 9, unaitaja intaneti waziwazi. Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inatambua lugha ya alama na nukta nundu. Mwaka 2022 nchi hiyo ilizindua kiwango cha kitaifa kuhusu jambo hili.

Hata hivyo, amri isiyokaguliwa huishia kwenye karatasi. Kila ukurasa wa serikali hauna budi kujaribiwa na wasioona wenyewe kabla ya kufunguliwa kwa wananchi. Aliyepoteza macho akiitumikia nchi yake hastahili kusimama mlangoni pa serikali akiomba kusomewa.